Juu ya Uzito wa Bandia katika Mwigo wa Migongano

Pana desturi iliyoenea miongoni mwa wahandisi wanaoiga migongano ya magari kwa kompyuta, nayo haistahili heshima inayopewa. Programu ikisimama katikati ya hesabu, au ikienda polepole mno, hawaulizi imesimama kwa nini. Huuliza itasukumwaje hata mwisho.

Asili ya jambo ni hii. Gari zima hugawanywa kuwa wavu wa vipande vidogo, na hesabu huenda hatua kwa hatua. Mwaka 1928 Courant, Friedrichs na Lewy walionyesha kwamba hatua hizo zina mpaka: wimbi la msongo lisikivuke kipande kabla hatua haijaisha. Katika feleji wimbi hilo huenda kiasi cha mita 5,000 kwa sekunde. Basi kipande cha milimita 5 hakiruhusu hatua ipitayo sehemu moja ya milioni ya sekunde, na mgongano wa sehemu moja ya kumi ya sekunde hudai hatua 100,000. Kipande kimoja tu kikiwa na ubavu wa nusu milimita, pengine kimezaliwa na uzembe wa mchora wavu penye bawaba ya mlango, gari zima halina budi kufuata mwendo wake, na hatua huwa 1,000,000.

Hapo ndipo uzito wa bandia huletwa. Kipande kikifanywa kizito mara nne, wimbi hupungukiwa na nusu ya mwendo wake, na hatua hurefuka maradufu. Hila hii si haramu. Gramu chache zilizotawanyika katika gari la kilo 1,500 hazimdhuru mtu, na katika kukunja bati polepole hata nyingi zaidi huvumilika. Lakini uzito huo ukirundikana katika nguzo ya ubavuni, nguzo ile ikipigwa hukawia kuingia ndani, na mbavu za sanamu ya abiria husalimika karatasini. Gari litakalouzwa halina uzito huo.

Sponji ya kiti huonewa vivyo hivyo. Ikibanwa sana, kipande chake hugeuka ndani kuwa nje, na programu husimama ikilalamika kwamba ujazo umeshuka chini ya sifuri. Mwenye haraka huamuru kipande kifutwe. Funika kombe mwanaharamu apite! Kumbe uzito wake na nishati yake vimetoweka pamoja nacho, na mahali palipo wazi hapazuii kitu. Ugonjwa wenyewe aghalabu umo katika vipimo vya sponji, vilivyokoma pale jaribio la maabara lilipokoma. Zaidi ya hapo programu iliachiwa kubahatisha, ikaona sponji laini kuliko ilivyo.

Watetezi wa desturi hii husema kwamba siku za kazi zimehesabika, na kwamba gari litagongeshwa ukutani kwa kweli, kosa lionekane. Hoja hii ni dhaifu. Magari yanayogongeshwa kwa kilomita 56 kwa saa ni machache, kwa kuwa ni ghali. Pembe nyingine za mgongano, vimo vingine vya abiria, na mikao mingine ya viti huachiwa hesabu peke yake. Kosa la huko halitazamwi na ukuta wowote. Humngojea mnunuzi barabarani.

Wala dawa ya kweli si ghali. Kipande kidogo kichorwe upya. Hatua ipunguzwe nusu, itazamwe kama jawabu linabadilika. Nishati yote ijumlishwe: iliyoingia na iliyopo zilingane, na ile inayoliwa na vipande vilivyojipinda pasipo kudai nguvu isizidi, kwa kawaida ya wafanyao kazi hii, sehemu moja ya kumi ya nishati ya ndani. Neno linalochapwa mwishoni, kwamba hesabu imemalizika kwa kawaida, lisimdanganye mtu: maana yake ni kwamba saa ya programu imefika pale ilipoagizwa kufika, basi.

Apokeaye taarifa ya mwigo na aanzie kwenye orodha ya uzito ulioongezwa, sehemu kwa sehemu wala si jumla ya gari zima. Orodha hiyo isipokuwamo, airudishe kabla hajatazama picha hata moja.