Sheria kwa Raia, Karamu kwa Watawala



Mwaka 2020 Waislamu wa Uingereza walitii amri: misikiti ikafungwa, Idul-Fitri ikaswaliwa majumbani, na wapo waliozikiwa watoto wao wakiwa karantini. Juni 19 mwaka huo huo, mtoa amri mwenyewe, Waziri Mkuu Boris Johnson, akakusanyika na wenzake ofisini kusherehekea kuzaliwa kwake. Aprili 2022 polisi walimtoza faini. Akatakiwa ajiuzulu, akagoma. Alisalimu amri Julai, mawaziri wake walipomkimbia.

Kumwondoa mtu mmoja hakutoshi. Mtume (s.a.w) alipoletewa shufaa ya mwanamke mtukufu wa Bani Makhzum aliyeiba, aliikataa. Uadilifu ndio huo: mkubwa hana msamaha wake. Nasi viongozi wa misikiti na madrasa tujipime kwa mizani hiyo hiyo.

Wallahu a'alam.