AFYA YA FAMILIA: Usimfiche Muuguzi Dawa ya Mti

Mwezi huu tuzungumze jambo ambalo wengi wetu tunalisema kwa sauti ya chini: dawa za miti na dawa za kliniki. Je, zinaweza kukaa nyumba moja?

Nianze na kosa langu. Mwaka tulipofika hapa Uganda, mtoto wangu wa tatu alishikwa na homa usiku. Nikachuma majani ya mubirizi, nikayatwanga, nikamnywesha, kama mama yangu alivyotufanyia kule Kivu. Siku ya pili akatapika kila kitu. Siku ya tatu akalegea, hata kunyonya hataki. Ndipo nikambeba mbio mpaka kliniki.

Muuguzi akauliza, "Mama, umempa dawa gani nyumbani?" Nikajibu, "Hakuna." Niliogopa. Nilikuwa nimemwona mama mwingine akigombezwa mbele ya foleni nzima kwa ajili ya majani kama hayo.

Walimpima, wakakuta malaria kali na damu imepungua. Akachomwa sindano, akaongezewa damu. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini nilipoteza siku mbili nzima, na kwa uongo wangu nilimwacha muuguzi akipapasa gizani: mtoto anatapika kwa ugonjwa au kwa majani?

Basi tuache miti kabisa? Sisemi hivyo. Dawa nyingine za hospitali zilitoka mitini. Kinini hutoka kwenye ganda la mti, na sisi wa upande wa Bukavu mashamba yake tunayajua. Vile vidonge vya malaria tunavyomeza asubuhi na jioni kwa siku 3, ndani yake mna dawa iliyotokana na mmea wa artemisia, ambao Wachina waliutumia kutibu homa tangu kale. Mama mmoja Mchina, Tu Youyou, alisoma vitabu vya zamani vya nchi yake, na mwaka 1972 yeye na wenzake wakafaulu kuitoa dawa hiyo. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel.

Shida iko kwenye kipimo. Kidonge kinajulikana kina dawa kiasi gani. Kikombe cha majani leo kikali, kesho chepesi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halikubali chai ya artemisia itumike kutibu malaria, ingawa dawa yenyewe ilitoka humo humo.

Hapa Uganda waganga wa jadi na madaktari wamekwisha kukaa pamoja. Mwaka 1992 ulianza mpango uitwao THETA. Waganga wa jadi walifundishwa juu ya ukimwi, wakawa wanawashauri wagonjwa na kuwatuma hospitali. Hawakuambiwa waache kazi yao. Walionyeshwa inapoishia. Na mwaka 2019 nchi ikapata sheria ya kuwasimamia waganga hao.

Kwa hiyo, jirani yangu, tushike haya:

1. Mtoto mdogo akipata homa, apimwe siku hiyo hiyo. Usingoje kuona kama majani yatasaidia.

2. Akishikwa na degedege, akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, au akilala usingizi usioamka, kimbia kliniki. Usimtilie kitu mdomoni akiwa katika degedege, iwe dawa ya mti au kidonge.

3. Ukiulizwa umempa nini, sema kweli: jani gani, kiasi gani, saa ngapi. Mama mwenye mimba naye afanye hivyo.

4. Mzee anayejua miti akikuambia, "Huyu mpeleke hospitali," huyo ni mtaalamu wa kweli. Yule anayekuambia "Usiende," mkimbie.

Na ninyi wauguzi wetu, tunawaomba jambo moja. Mkituuliza, tuulizeni kwa upole. Mama akigombezwa leo, kesho atajibu "Hakuna," kama mimi. Na atakayeumia ni mtoto, ambaye hakuchagua mti wala sindano.

Hebu zungumzeni jambo hili jioni nyumbani, bibi na babu wakiwapo. Mpaka mwezi ujao, mbaki na afya njema.