Majengo yaliyofungwa Kilwa Kivinje: mwenye mali angoja nini?

MSAFIRI anayeiacha barabara kuu pale Nangurukuru na kuelekea Kilwa Kivinje hukuta mtaa wa maduka ya zamani, uliojengwa kwa mawe na chokaa, milango mingi imefungwa na baadhi ya kuta zimekwisha kumezwa na mizizi ya miti. Katika karne ya 19 hapa ndipo ilipoishia misafara kutoka Ziwa Nyasa, ikileta pembe za ndovu na, kwa masikitiko makubwa, watumwa. Wajerumani nao waliweka hapo ofisi zao. Baadaye makao ya wilaya yakahamia Kilwa Masoko, na biashara ikazifuata ofisi.

Ni wepesi kusema kuwa maduka hayo ni matupu kwa kuwa wateja wamehama. Hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Ndugu msomaji, jengo hukosa mpangaji pia kwa sababu ya mwenyewe.

Sababu kubwa ni mirathi isiyogawanywa. Mzee hufariki, warithi wako Lindi, Dar es Salaam, wengine Omani, na jengo hubaki la wote, yaani halina mtu. Hakuna awezaye kutia saini mkataba, wala hakuna akubaliye kutoa fedha za bati ambalo na wenziwe watalifaidi. Mafungu yamekwisha kubainishwa katika Suratun-Nisaa, aya ya 11 na ya 12. Kinachokosekana ni watu kukaa kitako. Msimamizi wa mirathi akithibitishwa na mahakama, jengo laweza kuuzwa, au mrithi mmoja akawanunua wenziwe, au likapangishwa na kodi ikagawanywa kwa mafungu yale yale.

Sababu ya pili ni kungojea neema. Gesi ilipogunduliwa katika bahari kuu ya kusini kuanzia mwaka 2010, na eneo la Likong'o huko Lindi likatajwa kuwa pa kujengwa mtambo wa kusindika gesi, wenye majengo walipandisha matumaini pamoja na kodi. Makubaliano ya awali na makampuni yalifikiwa Juni 2022, zaidi ya miaka kumi baadaye. Tangu jiwe la msingi la bandari ya uvuvi lilipowekwa Kilwa Masoko, Septemba 2023, hesabu hiyo hiyo inarudiwa. Fundi cherehani anadaiwa kodi ya mwaka mzima mkononi, atazitoa wapi? Tuchukulie fremu inayotakiwa shilingi 100,000 kwa mwezi ikakaa tupu mwaka mzima. Kwa shilingi 60,000 ingempa mwenyewe 720,000.

Wapo wanaojiliwaza kuwa jengo tupu halina gharama. Kwa kauli ya wanazuoni wengi, jengo la kupangisha halitolewi zaka kwa thamani yake, bali hutazamwa kodi iliyopatikana, ikifika nisabu na kutimiza mwaka. Lakini kodi ya majengo haingoji mpangaji. Tangu 2021 hukatwa kwenye LUKU, na mwaka 2023 ilipandishwa hadi shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa mjini. Asiponunua mtu umeme, deni hulimbikizana. Na Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya kusini, paa bovu lisilo na mtu chini yake lilikuwa na nani wa kulitazama?

Dawa iliyo karibu ni kumpa mpangaji jengo alitengeneze, gharama ikatwe kwenye kodi. Atumie chokaa, kwani saruji hufungia unyevu ndani ya kuta za mawe ya matumbawe na kuzila taratibu. Ila mkataba uandikwe: kodi kiasi gani, muda gani, na matengenezo yasizidi fedha ngapi. Sharti la ijara ni ujira na muda kujulikana. Kumwambia mtu "tengeneza, tutahesabiana" ni kuwaachia watoto kesi.