UTI Si Hati ya Uchafu

Safu za afya zimerudia wimbo uleule: mwanamke mwenye UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) hajui kunawa; anywe maji mengi, bakteria watasombwa na mkojo. Kuhusu maji ziko sahihi. Utafiti wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wanawake wenye UTI ya kujirudia walioongeza lita 1.5 kwa siku waliugua mara chache zaidi. Tuhuma ya uchafu ndiyo isiyo na mashiko.

E. koli, bakteria msababishi mkuu wa UTI, huishi matumboni mwa karibu kila mtu, hata anayeoga mara tatu kwa siku. Akifika kwenye kibofu hujishikiza kwa vinyweleo vyembamba mno, vyenye protini ya FimH nchani, ambayo hunasa sukari ya manosi juu ya seli. Mkojo ukivuta kwa nguvu, FimH hukaza zaidi, mithili ya kupe. Kinyweleo nacho hukunjuka kikarefuka badala ya kukatika. Vinyweleo vingine, vya aina ya P, hushika hadi figo.

Sabuni gani inafika huko?

Tofauti ni urefu wa njia ya bakteria: mrija wa mkojo wa mwanamke una takriban sentimita 4. Wa mwanamume hukaribia 20, naye hakuna anayemuuliza kama ananawa.