Tela la pamba na tairi la kubahatisha

Msimu wa pamba unapofunguliwa, tela linalovutwa na trekta huwa tegemeo la wakulima wengi wa Ngulyati na vijiji jirani wilayani Bariadi. Mwenye tela hukagua bodi, hukagua kamba, huuliza hata bei ya dizeli. Tairi hulipiga teke, basi.

Teke hilo linawagharimu wakulima. Tairi lenye upepo pungufu hupinda ubavuni kila linapozunguka, na kupinda huko huzaa joto. Joto likizidi, mpira huachana na nyuzi na tairi hupasuka. Pamba ikimwagika na kuchanganyika na mchanga, iliyokuwa safi huuzwa kwa bei ya fifi. Hapo hatujawataja watu walioketi juu ya mzigo, ambao hawakupaswa kuwapo.

Pamba nayo inadanganya macho. Mkononi ni nyepesi, lakini ikishindiliwa kwa miguu ndani ya tela ni mzigo mwingine kabisa. Ubavuni mwa tairi kuna namba ya uzito: 82 maana yake kilo 475, na 91 ni kilo 615. Matairi mawili ya 82, yaliyovuliwa kwenye gari dogo, hubeba kilo 950, na humo umo uzito wa tela lenyewe. Tela likiwa na kilo 300, pamba isizidi kilo 650. Wangapi wamewahi kupiga hesabu hiyo?

Upepo upimwe asubuhi, tairi likiwa la baridi, tena kwa geji, si kwa nyundo. Likipata moto njiani upepo hupanda, usiutoe. Wapo wanaoupunguza ili kuvuka mbuga yenye tope, jambo linalosaidia kweli, kisha wakifika barabara ngumu wanasahau kuurudisha.

Kwa tairi la mtumba, tazama tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT: 2315 ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. La umri huo halifai mzigo, hata kama meno yake bado marefu.

Vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, vinavyopokea pamba tayari vina mizani. Tunavishauri vinunue na geji pamoja na pampu, viwekwe hapo hapo penye mizani, na kila mwenye tela apime kabla ya kupakia.