Mnara wa Saa wa Unguja na Picha Zake

Msafiri aliyeingia bandari ya Unguja zamani hakuwa na haja ya kuulizia mji. Mnara wa saa wa Beit-al-Ajaib ulimlaki kabla hajashuka pwani. Ndiyo maana ulipigwa picha sana. Hata baada ya mwaka 2012, pembe ya baraza ilipoanguka na jumba likafungwa, wageni waliendelea kusimama Forodhani na kulielekezea kamera zao. Tarehe 25 Desemba 2020 mnara uliporomoka pamoja na sehemu kubwa ya mbele, wakati mafundi walipokuwa kazini wakilitengeneza jumba. Watu wawili walikufa.

Lakini mnara huo nao ulikuwa mgeni pale. Seyyid Barghash alipolijenga jumba mwaka 1883 halikuwa na mnara wa saa. Picha zilizopigwa kabla ya 1896 zaonyesha mnara mwingine, wa taa ya kuongozea vyombo, umesimama peke yake karibu na maji. Na kando ya Beit-al-Ajaib laonekana jumba la Beit-al-Hukm, lililoungana na jirani zake kwa njia zilizofunikwa, zikipita juu ya barabara. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliyapiga mizinga majumba hayo kwa muda wa dakika zipatazo 40, kwa kuwa Seyyid Khalid bin Barghash alikuwa amekalia kiti cha usultani bila ya ridhaa ya Waingereza. Beit-al-Hukm likaangamia lisijengwe tena, na mnara wa taa ukaharibika hata ukaondolewa. Katika matengenezo ya mwaka 1897 ndipo Beit-al-Ajaib lilipopata mnara wake wa saa. Waliopiga picha zile za awali hawakujua kwamba wanaziagia kuta. Pengine walitaka tu mandhari nzuri ya pwani.

Huko London walikuwako watu waliofanya kazi hiyo kwa kusudi. Mwaka 1875 ilijulikana kwamba nyumba ya kale ya wasafiri iitwayo Oxford Arms, karibu na kanisa kuu la St Paul's, itabomolewa. Watu waliosikitika wakaunda chama cha kupiga picha majengo ya kale ya mji huo. Wapiga picha wao wa kwanza, Alfred na John Bool, hawakuridhika na mlango wa barabarani. Waliingia uani, wakazipiga roshani za mbao zilizouzunguka ua. Picha zilichapwa kwa njia ya kaboni, maana nyingi za njia ya fedha, iliyozoewa siku zile, zilififia na kugeuka manjano. Nyumba yenyewe ilibomolewa upesi, lakini chama kiliendelea hata 1886, kikatoa picha 120.

Picha ya Forodhani ni ya uso wa jumba tu. Yaonyesha nguzo za chuma na saa, navyo ni vizuri kweli. Haionyeshi jinsi boriti zilivyoshikwa na ukuta wa mawe ya matumbawe, wala mahali maji ya mvua yalipopenya, wala chuma kilipoanza kuliwa na kutu. Fundi atakiwaye kulirudisha jumba kama lilivyokuwa anayahitaji hayo kuliko saa. Mwanafunzi aliyepelekwa kulitazama jumba lilipokuwa makumbusho, akapiga picha ya ngazi au ya dari kwa sababu wenzake walikuwa wamesimama hapo, huenda ana kitu kisichopatikana katika kadi mia za posta. Aitafute, na nyuma yake aandike mwaka, orofa na upande wa jumba. Penseli yafaa kuliko wino, kwa kuwa wino hupenya karatasi.