Kufunga Kizazi na Hofu ya Saratani ya Titi

Mama wa Litembo, wilayani Mbinga, kusini mwa Tanzania, mwenye watoto sita akianza kuulizia kufunga kizazi, hakosi wa kumwonya kwamba mayai yaliyozibiwa njia yatamgeukia na kuwa saratani ya titi. Hofu hiyo haina msingi, na sababu iko katika upasuaji wenyewe. Daktari hupasua sehemu ndogo chini ya kitovu, huivuta mirija ya uzazi, huifunga na kuikata. Ovari haziguswi. Mrija hupitisha yai, lakini homoni zinazoliamsha titi hutoka kwenye ovari na kuingia moja kwa moja kwenye damu, kwa hiyo hedhi huendelea kama kawaida. Yai lisilopata njia huyeyuka tumboni. Tafiti kubwa zilizolinganisha waliofunga na wasiofunga hazijaona saratani ya titi ikiongezeka kwa waliofunga; tena kufunga mirija hupunguza uwezekano wa saratani ya ovari.

Kuondoa ovari ni jambo jingine kabisa. Mwaka 1896 daktari George Beatson wa Glasgow alieleza jinsi uvimbe wa titi ulivyonywea baada ya kumtoa mgonjwa ovari, na leo inajulikana kwamba mwanamke aliyeondolewa ovari zote mbili kabla ya ukomo wa hedhi huwa na hatari ndogo zaidi ya saratani hii. Mtu atauliza: basi kwa nini zisitolewe kwa kila mwanamke? Kwa sababu gharama yake ni nzito: mifupa hudhoofika, na moyo hupoteza kinga mapema. Upasuaji huo ni wa wenye ugonjwa, au waliorithi hatari kubwa katika ukoo. Kwa wengine wote ipo kinga nafuu zaidi: uchambuzi wa tafiti 47 uliotolewa mwaka 2002 ulionyesha kuwa kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari kwa takriban asilimia 4.3.

Wapo watakaosema wanamjua mwanamke aliyefunga kizazi kisha akaugua titi. Sikatai. Lakini wanawake hufunga wakiwa na miaka thelathini na kitu au arobaini, umri ambao wengi nchini mwetu huanza kuugua saratani hii. Mambo mawili kukutana hakumaanishi moja limezaa jingine. Wengine wataitaja Hospitali ya Litembo, ambayo ni ya Jimbo Katoliki la Mbinga, na Kanisa haliruhusu upasuaji wa kuzuia uzazi. Msimamo huo ni wa imani na unastahili heshima yake. Usigeuzwe kuwa ushahidi wa kitabibu.

Kinachoua ni kuchelewa. Wagonjwa wengi wa saratani ya titi Tanzania hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshakomaa, na kutoka Mbinga au Mbamba Bay hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni safari ya takriban kilomita 1,000. Kila mama anayekuja kliniki kwa uzazi wa mpango angepaswa kupimwa matiti siku hiyohiyo, kwa mikono tu ya muuguzi aliyefundishwa. Nawe msomaji, ukigusa kivimbe kigumu, au ukiona chuchu imeingia ndani, usingoje maumivu. Saratani ya titi mara nyingi huanza bila maumivu yoyote.